Shajara ya mradi: goroli za milimita 6 ndani ya jeli, bomba la milimita 50

Wiki ya 1: swali na bomba

Swali ni moja. Kimiminika kizito kinachoweza kushikilia punje kubwa zisizame kikiwa kimetulia, je, huzishikilia pia kikiwa safarini ndani ya bomba? Wengi hupima kwa ndoo: punje inazamishwa katikati, inaachwa usiku kucha, na asubuhi ikikutwa pale pale mchanganyiko unahesabiwa kuwa salama kwa kusafirishwa. Kipimo hicho kina jibu la ndoo. Jibu la bomba linatakiwa litafutwe kwenye bomba.

Bomba ni la akriliki angavu, kipenyo cha ndani 50 mm, urefu wa mita 12, vipande sita vya mita 2 vilivyofungwa kwa flanji na kulazwa mlalo kwa pima maji. Kimiminika ni jeli ya kaboma, unga wa polima unaogeuza maji kuwa jeli. Tumeichagua kwa sababu mbili: inapitisha mwanga, hivyo goroli iliyo katikati ya bomba inaonekana, na haiendelei kukaza sana kadiri inavyokaa, kwa hiyo jaribio la asubuhi na la jioni yanaweza kulinganishwa. Goroli ni za aina tatu, zote za kipenyo cha 6 mm ili kinachobadilika kiwe densiti tu: za kioo (kilo 2500 kwa mita ya ujazo), za nailoni (1140) na za polistirini (1050). Jeli yenyewe ni kama maji, 1000.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na mdomo wa tangi wa 25 mm ukipanuka kuingia kwenye bomba. Umefutwa kabla ya kukatwa. Mdomo huo ni upana wa goroli nne tu, na goroli zikifika pamoja hubanana mabega na kujenga upinde unaobeba zote zilizo nyuma. Chini ya upana wa goroli tano hivi upinde wa namna hiyo ni jambo la kutarajiwa. Tangi sasa linatoka kwa faneli ndefu yenye mteremko mkali hadi 50 mm kamili, na vali ni ya mpira unaobanwa, ambayo ikifunguka haiachi kitu njiani.

Wiki ya 2: kupika jeli

Pishi moja ni kilo 250 kwa kaboma ya asilimia 0.1, yaani gramu 250 za unga. Maji ni yaliyoondolewa chumvi. Hili si la kupuuza: kaboma hujitanua kwa sababu sehemu zake zenye chaji husukumana, na chumvi yoyote ndani ya maji hupunguza msukumo huo, jeli ikalegea bila unga kupungua hata gramu. Goroli nazo huoshwa kwa maji hayo hayo mara tatu, hasa za kioo.

Unga unachekechwa polepole juu ya maji yanayozunguka, karibu dakika 20 kwa gramu 250. Ukimwagwa kwa pupa unatengeneza mabonge yaliyolowa nje na makavu ndani, na bonge la namna hiyo linaweza kukaa siku nzima bila kuyeyuka. Likishaingia kwenye bomba linaonekana kama goroli laini, nalo linaharibu hesabu. Baada ya unga kwisha, mchanganyiko unaachwa usiku kucha. Wakati huo bado ni mwembamba na una asidi, pH karibu 3.

Hapa ndipo hewa inapotolewa, kabla ya kuongeza kostiki soda, wala si baadaye. Jeli ikishakaza, povu lenye upana wa milimita kadhaa halina nguvu ya kupanda juu. Linanaswa kama goroli inavyonaswa, na litabaki humo hata wiki. Tunaweka utupu kwa saa moja wakati mchanganyiko ungali kama maziwa mepesi, kisha ndipo tunaongeza soda.

Soda ni gramu 100 kavu kwa gramu 250 za kaboma (sehemu 0.4 kwa 1), iliyoyeyushwa kuwa suluhisho la asilimia 18, karibu gramu 556. Inaongezwa kidogo kidogo huku pangaboi pana likizunguka taratibu. pH ikifika 7 tunasimama. Pangaboi la kasi haliguswi tena kuanzia hapo, maana linakata minyororo ya kaboma na mnato uliopotea haurudi.

Kuchanganya goroli: tunazikanda na jeli kidogo kidogo kwenye sinia pana, tabaka juu ya tabaka, ndipo zinaingia tangini. Zikimwagwa kavu kila moja huja na vazi lake la hewa. Kwa asilimia 10 ya ujazo katika lita 200 tunahitaji lita 20 za kioo chenyewe, yaani kilo 50, ambazo ni goroli kama 177,000. Kukanda kunachukua nusu siku.

Wiki ya 3: kuipima jeli

Reometa, kifaa kinachokata jeli kati ya sahani mbili na kupima mkazo wake, ilitumika kwa jeli tupu peke yake. Pengo la sahani ni 1 mm na goroli ni 6 mm, kwa hiyo mchanganyiko hauingii humo kabisa. Utapimwa na bomba lenyewe. Sahani zilibandikwa msasa. Kwa sahani laini jeli huteleza ukutani badala ya kukatika ndani yake, na mkazo wa kuanza kutiririka (nguvu kwa eneo ambayo chini yake jeli haisogei) unasomeka mdogo kuliko ulivyo.

Tulishuka kutoka kasi ya mkato ya 100 kwa sekunde hadi 0.01. (Mkato hapa ni tabaka moja la jeli kuteleza juu ya jingine.) Mstari unaofaa: mkazo wa kuanza kutiririka paskali 8, kigezo cha mnato wa jeli 6, na kipeo 0.45. Kipeo kilicho chini ya 1 maana yake ni kwamba jeli hulainika kadiri inavyokatwa kwa kasi. Namba hii ya 0.45 itarudi, kwa sababu ndiyo iliyoamua matokeo ya mradi.

Kwa hali ya kutulia, goroli haizami iwapo mkazo wa kuanza kutiririka unazidi tofauti ya densiti mara mvutano wa dunia mara kipenyo, gawanya kwa 21. Kioo: 1500 × 9.81 × 0.006 ÷ 21 = paskali 4.2. Nailoni: 0.39. Polistirini: 0.14. Jeli yetu ina 8. Zote tatu ziko salama, hata kioo kina karibu maradufu ya kinachohitajika. Tuliziweka kwenye silinda ndefu kwa siku tano na hakuna iliyoshuka hata milimita. Kipimo cha ndoo kimefaulu kikamilifu.

Wiki ya 4: nani anasukuma

Pampu ya kukamua mpira ilikuwa ndiyo chaguo la kwanza, kwa kuwa haina vali za ndani za kunasa goroli. Imetolewa kwa sababu mbili. Rola zinaponasa goroli ya kioo zinaigandamiza kwenye ukuta wa mpira na kuukata. Pili, na kubwa zaidi, kila rola inapoachia mpira presha hushtuka, na mshtuko huo unaitingisha jeli bombani. Tandiko la goroli chini ya bomba hupewa teke kila sekunde, kwa hiyo bomba lingeonekana kupitisha vizuri kuliko linavyostahili. Kipimo kinachopendelea jibu ni kibaya kuliko kukosa kipimo.

Tangi la presha la lita 250 limechukua nafasi yake. Jaribio la kwanza lilikuwa hewa ya kompresa moja kwa moja juu ya jeli, na halikufika mbali: hewa ilichimba shimo katikati ya tangi, ikatokea mdomoni na kuacha jeli yote imeganda ukutani. Kitu chenye mkazo wa kuanza kutiririka hakijisawazishi chenyewe kama maji. Sasa kuna sahani ya pistoni yenye mdomo wa mpira juu ya jeli, hewa inasukuma sahani, sahani inasukuma jeli. Msuguano wa mdomo hautusumbui, kwa sababu presha inasomwa ndani ya bomba, si tangini. Vali ya usalama imewekwa bar 2. Hesabu kubwa tunayoitarajia ni kilopaskali 90 hivi.

Hewa ya presha isiyobadilika haitoi mwendo usiobadilika. Goroli zikijikusanya bombani upinzani unakua na mwendo unapungua. Anayesukuma anakaa kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha) akitazama mizani iliyo chini ya pipa la mwisho, na kurekebisha kidogo kidogo. Kwa 0.3 m/s kinachotoka ni lita 35 kwa dakika, hivyo lita 200 zinatupa dakika tano na nusu hivi.

Wiki ya 5: presha inayodanganya

Wiki nzima imekwenda kwenye kipimo kimoja, na ilistahili.

Geji ziliunganishwa kwa matundu ya 3 mm kwenye ukuta wa bomba na mipira myembamba ya kupeleka presha, kama inavyofanywa kwa maji. Tulipofunga vali na mtiririko kusimama, geji mbili zilibaki na presha tofauti, na tofauti hiyo haikuondoka. Kila tulipoanza upya ilibaki namba nyingine. Geji hazikuwa na kosa.

Kosa ni la jeli iliyojaa kwenye mipira. Mpira mwembamba uliojaa jeli unaweza kubeba tofauti ya presha bila kusogea, kiasi cha 4 × mkazo wa kuanza kutiririka × urefu ÷ kipenyo. Kwa mpira wa mita 1 wenye kipenyo cha 4 mm: 4 × 8 × 1 ÷ 0.004 = paskali 8000. Presha tuliyokuwa tukiitafuta kati ya geji mbili, mita 3 za bomba kwa 0.1 m/s, nayo ni paskali 8000. Kwa maneno mengine jeli ndani ya mpira ingeweza kuficha kipimo chote. Hata tundu fupi la 3 mm lenye kina cha 50 mm linaficha paskali 533.

Dawa yake ni geji zenye uso bapa wa chuma unaokaa sawasawa na ukuta wa ndani wa bomba, bila tundu wala mpira. Uso umesuguliwa hadi kucha ikipita isihisi ukingo. Baada ya hapo, mtiririko ukisimama geji zinarudi pamoja. Ziko kwenye mita 6 na mita 9, mbali na mdomo na mbali na mwisho.

Wiki ya 6: jeli tupu

Hesabu ya bomba kwa jeli tupu: 0.1 m/s inataka kilopaskali 2.66 kwa kila mita, 0.3 inataka 3.88, na 0.5 inataka 4.67. Kasi mara tano, presha haifiki hata mara mbili. Hiyo ndiyo kazi ya kipeo 0.45.

Kilichosomwa: 0.5 kilikaribia sana hesabu (4.6), 0.1 kilikuwa pungufu waziwazi (2.3). Upungufu unaokua kadiri mwendo unavyopungua ni dalili ya kuteleza ukutani: tabaka jembamba sana karibu na akriliki lina kaboma chache na linafanya kazi ya mafuta. Tulithibitisha kwa bomba la pili la 36 mm. Kwa mkazo ule ule wa ukutani, bomba jembamba lilitoa kasi ya mkato ya kudhaniwa iliyo kubwa zaidi, jambo ambalo kimiminika kisichoteleza hakiwezi kufanya. Masahihisho ya kuteleza yameingizwa na yatatumika kwa vipimo vyote vinavyofuata.

Mtiririko ni wa matabaka tu. Namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au una msukosuko, kwa kutumia mkazo wa ukutani (8 × densiti × mraba wa kasi ÷ mkazo), ni 15 kwa 0.3 m/s na 34 kwa 0.5. Msukosuko huanza kwenye maelfu. Hapa hakuna mawimbi ya ndani ya kuinua goroli iliyoanguka, na ikishafika chini hakuna wa kuirudisha.

Wiki ya 7: kioo

Asilimia 10 ya ujazo, 0.3 m/s. Kamera kwenye mita 1, 3, 6, 9 na 11. Kila moja inatazama kupitia sanduku la mraba lililojaa maji na kuzunguka bomba, ili mviringo wa akriliki usipotoshe picha.

Kwenye mdomo goroli zimetawanyika sawasawa, juu hadi chini. Fuata moja tu, iliyoingia nusu ya urefu kati ya katikati na sakafu. Inakwenda moja kwa moja kwa upana wa kiganja, kisha njia yake inapinda chini, kwanza polepole, halafu kwa haraka kadiri inavyokaribia ukuta ambako jeli inakatwa zaidi. Inagusa sakafu, inaruka kidogo, inaanza kubiringika kwa mwendo mdogo kuliko wa jeli iliyo juu yake. Kwenye kamera ya mita 1 nusu ya juu ya bomba tayari ni jeli tupu. Kwenye mita 3 hakuna goroli juu ya mstari wa katikati. Chini kuna tandiko la goroli linaloteleza lote pamoja.

Goroli hizi ndizo zilizokaa siku tano kwenye silinda bila kushuka.

Sababu yake inafaa kuelezwa polepole. Jeli haina mkazo mmoja wa kuanza kutiririka kwa upande wa mbele na mwingine kwa upande wa chini. Bomba linapoikata kwenda mbele, muundo wake umevunjika kwa pande zote kwa pamoja. Goroli iliyo humo haikuti tena mshikio wa paskali 8. Inakuta kimiminika cha kawaida chenye mnato wa mahali hapo, na ndani ya kimiminika cha kawaida kila kizito huzama. Sehemu pekee ambako jeli haijavunjika ni kiini cha katikati, ambako mkazo uko chini ya 8. Kwa 0.3 m/s mkazo wa ukutani ni paskali 48.5, hivyo kiini kina kipenyo cha 8/48.5 ya bomba, yaani milimita 8.2. Goroli yetu ni milimita 6. Hata ikikaa katikati kabisa, ukingo wa kiini uko milimita 1 kutoka kwenye ngozi yake, na uzito wake unatosha kuuvunja huo. Zilizoingia katikati zilikwenda mbali kidogo kuliko nyingine, kisha zikaanguka.

Kwa 0.05 m/s tandiko halitelezi tena kwa utulivu. Linasimama, presha inapanda, linaruka sentimita chache, linasimama tena. Uzito wa goroli ndani ya jeli kwa asilimia 10 ni karibu niutoni 2.9 kwa kila mita ya bomba, na presha ya mwendo huo mdogo inatosha kwa shida kuushinda msuguano wake.

Kinachotoka mwishoni kilichujwa kila sekunde 30. Ndoo za mwanzo zilikuwa na goroli chache kuliko asilimia 10, kisha zikaongezeka. Anayepima mwanzo tu ataandika kwamba goroli zinapotea. Anayepima mwisho tu ataandika kwamba kila kitu ni sawa, kumbe goroli zilizokosekana mwanzoni zimelala bombani na hazitatoka. Kilichomo ndani ya bomba na kinachotoka nje ni vitu viwili, na kwa punje nzito vipimwe vyote viwili.

Wiki ya 8: kwa nini kuongeza kasi hakuokoi

Pendekezo la kwanza la kila mtu ni kusukuma kwa kasi zaidi. Tumefanya hesabu kabla ya kurudia jaribio, kisha tukalirudia.

Tunachukua mkazo wa 0.7 ya ule wa ukutani, unaowakilisha nusu ya chini ya bomba, tunatafuta mnato wa hapo, kisha kasi ya kuzama kwa kanuni ya Stokes. Kwa 0.1 m/s mnato ni paskali-sekunde 2.9 na kioo kinazama milimita 10 kwa sekunde. Kwa 0.3 mnato umeshuka hadi 1.3 na kuzama ni 22. Kwa 0.5 mnato ni 0.93 na kuzama ni 32. Goroli iliyoko katikati ina milimita 22 za kushuka kabla ya kugusa. Umbali inaosafiri mpaka hapo ni mita 0.22, mita 0.29 na mita 0.35.

Kasi imeongezwa mara tano. Goroli imenunua sentimita 13. Jeli inalainika karibu kwa kiwango kile kile ambacho muda unafupika, na faida yote inaliwa. Kwa kimiminika kama asali, ambacho mnato wake haubadiliki, umbali ungekua mara tano sawasawa. Hesabu hii haikuingiza kusongamana kwa goroli zenyewe, ambako kunapunguza kuzama (kwa asilimia 10, hadi kama 0.6 ya kasi hiyo), kwa hiyo umbali halisi ni mrefu kidogo. Kamera zinakubaliana: kwa 0.5 m/s mita ya kwanza ina goroli nyingi kidogo juu, mita ya tatu haina tofauti.

Wiki ya 9: nailoni na polistirini

Hesabu ile ile kwa densiti nyingine inatoa, kwa 0.1, 0.3 na 0.5 m/s: nailoni mita 2.3, 3.1 na 3.7, polistirini mita 6.5, 8.8 na 10.4. Bomba letu la mita 12 limekaa pazuri kuona yote mawili.

Nailoni: mita 1 bado imetawanyika, mita 3 imelemea chini, mita 9 ina tandiko. Polistirini: mita 6 inahitaji jicho makini kuona tofauti kati ya juu na chini, mita 11 nusu ya juu imepungukiwa waziwazi lakini tandiko halijafungika. Hivyo basi bomba la mita 4 lingetangaza kwamba polistirini haizami kabisa. Mtu akisoma ripoti ya majaribio ya punje kubwa, jambo la kutazama mapema ni urefu wa bomba.

Wiki ya 10: goroli nyingi zaidi

Polistirini tu, 0.3 m/s, asilimia 10, 20 na 30. Kwa kukadiria tulitumia kanuni ya mnato kuongezeka kwa (1 − φ/φm) kwa kipeo cha −2.5φm, φ ikiwa sehemu ya ujazo iliyo goroli na φm, kikomo cha juu cha sehemu hiyo, ikiwa 0.57, na kuongezeka kwa mkazo wa kuanza kutiririka kwa kipeuo cha pili cha (1 − φ) mara kigezo hicho. Hesabu: kilopaskali 4.5, 5.5 na 7.3 kwa mita. Kilichosomwa ni 4.3, 5.1 na 6.4.

Pengo linakua na ujazo, na lina sababu inayoonekana kwa macho. Kitovu cha goroli hakiwezi kufika karibu na ukuta kuliko milimita 3. Kwa hiyo palepale ambapo mkato ni mkubwa kuliko kote, na ambapo presha nyingi hutumika, goroli ni chache na jeli ni karibu tupu. Kanuni inadhani zimetawanyika hadi ukutani. Kwa bomba lenye upana wa goroli mia moja kosa hilo lingekuwa dogo. Kwa bomba la upana wa goroli nane ni la kuhesabiwa. Tunashauri kanuni hizo zitumike kama kikomo cha juu unapochagua pampu, nazo zitakuacha upande salama.

Asilimia 30 ilisimama mara moja tu, kwenye flanji ya mita 4. Maelezo yako hapa chini.

Wiki ya 11: gasketi, na kuanza upya

Flanji ya mita 4 ilifunguliwa. Gasketi ya mpira ilikuwa imekazwa kupita kiasi na ukingo wake ulichomoza ndani 2 mm kwa sehemu ya chini. Nyuma yake goroli zilikuwa zimepanga mstari, safu tatu, kama nyuma ya kizingiti. Kwa jeli tupu kizingiti hicho hakikuonekana kwenye presha hata kidogo. Gasketi zote sasa ni oringi (pete za mpira) ndani ya mfereji, na kila kiungo kinapitishwa kidole kabla ya kufungwa.

Kuanza upya baada ya kusimama: jeli tupu inahitaji 4 × 8 ÷ 0.05 = paskali 640 kwa mita, kilopaskali 7.7 kwa bomba zima. Polistirini ya asilimia 10 ilianza karibu na hapo. Kioo kikiwa kimelala kwa muda wa saa 12 kinahitaji zaidi, na hakianzi chote kwa pamoja: jeli ya juu inaondoka kwanza, tandiko linafuata vipande vipande, na kipande cha nyuma kikiukuta cha mbele hakijaamka, goroli zinapanda juu ya nyingine hadi kufikia dari ya bomba. Hivyo ndivyo bomba linavyoziba. Utaratibu wetu kwa kioo: kabla ya kusimama, lita 30 za jeli tupu zinapitishwa. Ujazo wa bomba zima ni lita 23.6, ziada ni kwa ajili ya goroli zinazobiringika polepole, na kama kamera bado inaziona tunaongeza.

Wiki ya 12: goroli ya haraka kuliko zote

Kwa kazi ambamo kila punje lazima ikae bombani muda fulani, kwa mfano kupashwa joto, wastani hausaidii. Kiini cha katikati kwa 0.3 m/s kinakwenda 0.45, mara 1.5 ya wastani. Mita 12 kwa wastani ni sekunde 40. Kwa kiini ni sekunde 27. Goroli nyekundu 50 za polistirini zilizoingizwa kwa zamu zilipimwa moja moja, na ya haraka kuliko zote ilitoka karibu na muda huo wa kiini. Iliyochelewa kuliko zote ilikuwa ikibiringika sakafuni. Muda wa kubuni bomba uchukuliwe wa ile ya kwanza, na madhara ya kukaa kupita kiasi yapimwe kwa ile ya mwisho.

Kwa vimiminika visivyopitisha mwanga kamera haina kazi, hivyo tunaandaa goroli zenye sumaku ndani na koili za waya kuzunguka bomba. Sumaku ya silinda ya 2 mm kwa 2 mm inaongeza miligramu 40 kwenye goroli ya polistirini, na densiti inaruka kutoka 1050 hadi karibu 1410. Goroli hiyo inazama kuliko nailoni, basi haiwakilishi wenzake hata kidogo. Ili kuirudisha, theluthi moja ya goroli inabidi iwe tundu la hewa lililozibwa. Tano za kwanza zimechongwa. Mbili zinaelea sawa kwenye maji ya chumvi ya densiti 1050, tatu zinageukia upande wa sumaku na kuzama. Zinachongwa upya.

Kinachofuata: vipande viwili vya bomba vinasimamishwa wima, mita 4, kwa goroli za kioo zile zile na jeli ile ile. Huko kuzama kutakuwa dhidi ya mtiririko wala si kuelekea ukutani, kwa hiyo hakuna tandiko, na milimita 22 kwa sekunde dhidi ya 0.3 m/s ni kuchelewa tu. Sambamba na hilo, pishi jipya la jeli litaongezwa gliserini kupandisha densiti ya kimiminika, kwanza kwa nailoni. Reometa itarudiwa kwa kila pishi, maana gliserini inabadilisha mnato pia na namba za wiki ya 3 hazitafaa tena.